Tathmini: St Helens baada ya mataji manne mfululizo

Anayefikiria kulipia msimu wa Super League ya Uingereza, ligi kuu ya raga ya wachezaji 13, ili aifuate klabu ya St Helens ajue kwanza anauziwa nini. Jezi ni ile ile nyeupe yenye V nyekundu kifuani, iliyotwaa Fainali Kuu, mechi ya kuamua bingwa, mwaka 2019, 2020, 2021 na 2022. Hakuna klabu nyingine iliyochukua nne mfululizo tangu ligi hiyo ianze mwaka 1996. Leeds, waliokaribia zaidi, waliishia tatu, 2007 hadi 2009. Waliobadilika ni wavaaji. Katika misimu mitatu iliyofuata St Helens wamemaliza wa tatu, wa sita na wa tano, na hawajafika Fainali Kuu wala fainali ya Kombe la Challenge, lile la mtoano.

Tathmini hii inaanzia 2019 na kuishia mwisho wa msimu wa 2025. Hukumu yenyewe haina fumbo: hii bado ni timu ya kuingia mchujo (mechi za mwisho wa msimu za kumpata bingwa), lakini si ya kubeba kombe. Ulinzi wake ni mzuri, mashambulizi ni hafifu. Na hapa ndipo tunapotofautiana na wengi wanaosema timu iliporomoka 2023. Mashambulizi yalianza kusinyaa mapema zaidi, mataji yakiwa bado yanaingia kabatini, na ulinzi ukayafunika.

Kwanza, walivyokuwa wakishinda. Raga ya ligi ina wachezaji 13 kila upande, na timu yenye mpira inakabwa mara sita kabla ya kuukabidhi kwa wapinzani. Kila seti, yaani mikabo hiyo sita, kwa hiyo ni hesabu ya mita: umeanzia wapi, umefika wapi, na unapopiga teke baada ya mkabo wa tano, mwenzako anaanzia wapi. St Helens ya Kristian Woolf, kocha wa 2020 hadi 2022, iliijua hesabu hiyo kuliko yeyote. Mikabo miwili ya mwanzo ilikuwa kazi ya mawinga, Tommy Makinson na Regan Grace, waliotoka na mpira kwenye mstari wao wenyewe kwa nguvu kana kwamba ni mafowadi, wale wazito wa mbele. Kisha walifuata mapropu, mafowadi wa katikati, Alex Walmsley mbele yao, mtu ambaye wakabaji wawili hawakumtosha. Kila alipolazwa, huka (anayeuokota mpira baada ya mkabo na kuugawa) James Roby alikuwa keshafika nyuma ya mpira kabla ukuta wa wapinzani haujasimama. Kisha teke refu la kona, safu nzima ikilifuata kwa mstari mmoja, na mpinzani anajikuta anaanza seti yake ndani ya mita kumi za kwake. Akijitahidi sana anafika mita arobaini. Anapiga teke, St Helens wanaupokea karibu na katikati ya uwanja, na mchezo unaanza upya kwa masharti yao.

Fanya hivyo seti baada ya seti, usiudondoshe mpira, usitoe penalti za bure, na ifikapo dakika ya 60 mafowadi wa upande wa pili wamekwisha. Trai mbili zinatosha (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani: pointi nne, au sita ukiongeza mkwaju wa ziada). Fainali ya 2020 dhidi ya Wigan iliisha 8-4: Makinson alijaribu goli la kudondosha (teke la mpira uliodondoshwa, la kupita kati ya milingoti) kutoka mbali, mpira ukagonga mlingoti, na Jack Welsby, kijana wa miaka 19, akamwahi Bevan French na kuugusisha chini muda ukiwa umekwisha. Ya 2021 dhidi ya Catalans, klabu ya Perpignan, Ufaransa, iliisha 12-10, trai zote mbili zikiwa za Kevin Naiqama.

Ukizitazama fainali hizo mbili bila kushangilia, utaona kitu. Bingwa wa nchi alipata trai chache mno kutoka kwenye mipango yake ya kushambulia. Linganisha na 2019 chini ya Justin Holbrook: walishinda mechi 26 za ligi kati ya 29, wakamaliza pointi 16 mbele ya wa pili, Wigan wakachapwa 40-10 kwenye mchujo na Salford 23-6 kwenye Fainali Kuu. Timu ya Holbrook ilipitisha mpira mikononi mwa watu wengi kabla ya kugonga ukuta. Ya Woolf iligonga kwanza, ikapitisha baadaye kama haja ipo. Tusimwonee Woolf: mwaka 2021 alibeba pia Kombe la Challenge kwa kuifunga Castleford 26-12, na Leeds walipigwa 36-8 kwenye nusu fainali ya msimu ule. Timu yake ilijua kufunga. Ila dhidi ya wapinzani imara ilitegemea kuwazuia wengine kufikia trai tatu, na mfumo wa namna hiyo unauficha ugonjwa wake vizuri. Ulinzi ukishuka kidogo tu, kutoka bora kabisa hadi mzuri, mechi zile zile ulizoshinda kwa pointi mbili unaanza kuzipoteza kwa pointi mbili.

Ndivyo ilivyokuwa, karibu neno kwa neno. Msimu wa 2023, wa kwanza wa kocha Paul Wellens, aliyemrithi Woolf, timu tatu zilimaliza ligi zikiwa sawa kwa pointi 40: Wigan, Catalans na St Helens. Tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa ndiyo iliyowapa Wigan Ngao ya Vinara (ya anayeongoza jedwali) na kuwasukuma St Helens hadi nafasi ya tatu. Hiyo tofauti ni ushahidi wa mashambulizi hafifu. Unaposhinda kwa pointi chache wiki baada ya wiki, mwisho wa msimu jedwali linakudai. Nafasi ya tatu ikawapeleka Perpignan kwa nusu fainali badala ya kuichezea nyumbani, na huko Sam Tomkins akawamaliza dakika za mwisho, 12-6. Nusu fainali ya Kombe la Challenge mwaka huo huo waliipoteza kwa Leigh, 12-10. Mwaka 2024 waliondolewa na Warrington kwenye raundi ya kwanza ya mchujo, 23-22, kwa goli la kudondosha la George Williams katika muda wa pointi ya dhahabu, yaani nyongeza ambapo anayefunga kwanza ndiye mshindi. Zikusanye mechi hizo tatu na utakuta zote zilikuwa ndani ya trai moja.

Katikati ya hayo kuna siku moja inayochanganya watu. Februari 18, 2023 St Helens walikwenda Penrith, Australia, wakawafunga mabingwa wa NRL, ligi kuu ya Australia, 13-12 kwenye mechi ya ubingwa wa dunia wa klabu. Penrith walisawazisha mwishoni, kisha Lewis Dodd akapiga goli la kudondosha la kushinda. Hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imeshinda mechi hiyo kwenye ardhi ya Australia tangu Wigan 1994. Wengi waliuchukua ushindi ule kuwa mwanzo wa enzi nyingine. Kwa macho yetu ulikuwa mechi ya mwisho ya timu ya Woolf, ikichezwa na watu wake kwa mbinu zake, miezi michache tu baada ya yeye kuondoka kwenda kuwa msaidizi wa kocha Wayne Bennett pale Dolphins, klabu ya NRL.

Sasa tuangalie nafasi moja moja, maana hapa ndipo pesa ya mtazamaji inapopotea au kulipa.

Huka ni nafasi iliyoumia zaidi, na ni ya kueleweka. Roby alianza kuichezea timu kubwa mwaka 2004, akaivunja rekodi ya Kel Coslett ya mechi 531 mwaka 2023, na akastaafu mwisho wa msimu huo. Mtu huyo aligusa mpira karibu kila mkabo. Thamani yake haikuwa kukimbia, ilikuwa kuamua. Aliona ni mkabaji gani bado yuko magotini, akampelekea propu upande huo huo, na pasi ilifika kifuani mpokeaji akiwa kwenye mwendo. Aliyemrithi, Daryl Clark kutoka Warrington, ni mchezaji wa daraja la juu: alikuwa Mtu wa Chuma (mchezaji bora wa ligi) wa mwaka 2014 akiwa Castleford. Lakini Clark ni huka wa aina nyingine. Anapenda kuuchukua mpira mwenyewe na kupenya katikati. Dhidi ya ukuta uliochoka ni silaha kubwa. Dhidi ya ukuta uliojipanga, kila anapokimbia mahafubeki (wapangaji wa mchezo, namba 6 na 7) wanasubiri, na wanapoupata mpira wamesimama wima, walinzi wako puani.

Mahafubeki. Hapa ndipo tatizo lilipokaa kwa muda mrefu zaidi. Théo Fages aliyeshinda 2019 na 2020 aliondoka mwisho wa 2021. Dodd, zao la akademia, alichukua nafasi na akacheza fainali ya mwaka ule, kisha akachanika kano ya kisigino Aprili 2022. Fainali ya 2022, 24-12 dhidi ya Leeds, ilichezwa bila yeye, Jonny Lomax akicheza na msuli wa mkono uliochanika. Dodd alirudi, lakini kasi ya 2021 haikurudi naye yote, na mwisho wa 2024 akaenda South Sydney ya NRL. Klabu ikamleta Tristan Sailor kutoka Brisbane, mwepesi kweli kweli, ila kwa asili ni fulbeki, namba 1, mtu wa nyuma kabisa. Welsby naye ni fulbeki anayeweza kuwa hafubeki. Lomax alianzia nyuma pia. Matokeo yake ni kikosi chenye watu watatu wanaotaka kuupokea mpira wa tatu, na hakuna anayependa kazi ya mpira wa kwanza: kusimama karibu na mkabo, kupanga mafowadi, kuchagua upande, kupiga teke refu chini ya shinikizo. Mwaka 2025 jozi hizo zilibadilishwa mara nyingi, hadi kijana George Whitby akaanza kupewa usukani. Kwetu sisi, huyo ndiye aliyeonekana zaidi kama hafubeki wa kuzaliwa.

Dalili ya tatizo hili unaiona kwa macho, huhitaji takwimu. Mpira unapitishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kumgandisha mlinzi yeyote, walinzi wanatelezea pembeni kwa raha zao, na winga anaupokea akiwa na nusu mita ya chaki na watu wawili mbele yake. Ili mlinzi agande, mwenye mpira lazima akimbie kumwelekea, aonekane kwamba atapenya mwenyewe, na awe na mkimbiaji mmoja wa ndani na mmoja wa nje wakifika kwa wakati. Mambo hayo matatu ni mazoezi ya miaka kwa watu wale wale. Ukibadilisha jozi kila baada ya wiki chache, hayaivi.

Fulbeki tuseme kidogo. Lachlan Coote, aliyekwenda Hull KR baada ya 2021, alikuwa mpigaji wa mikwaju ya ziada na mtu wa kukaa mahali pake; Welsby ana kipaji kikubwa zaidi yake na nidhamu ndogo zaidi. Tungemwacha namba 1 moja kwa moja.

Mawinga: Grace aliondoka baada ya 2022 kwenda raga ya wachezaji 15, Makinson akaenda Catalans baada ya 2024. Kyle Feldt, aliyekuja 2025 akiwa na miaka 33, ni mmaliziaji wa kutegemewa na mpigaji mikwaju, na juu angani hana wasiwasi. Zile mita za mkabo wa kwanza ndizo zilizopungua, na seti inayoanza vibaya humalizika kwa teke lililopigwa kutoka ndani ya nusu yako.

Mafowadi ndio waliozeeka taratibu zaidi. Walmsley alitimiza miaka 35 Aprili 2025, na bado alikuwa wa kwanza kupewa mpira timu inapobanwa. Hiyo ni sifa kwake na aibu kwa mpango wa usajili. Morgan Knowles, mkabaji wao bora, ameaga mwisho wa 2025 kwenda Dolphins. Matty Lees yupo, na nyuma yake George Delaney na Noah Stephens kutoka akademia. Hawa vijana ni wazuri. Watahitaji muda.

Kwa nini klabu tajiri kiasi hicho haikununua tu wachezaji wapya? Kwa sababu ya kikomo cha mishahara, pauni milioni 2.1 kwa mwaka, ukiondoa unafuu mdogo kwa nyota wachache. Ukishinda mara nne, kila mchezaji wako anapanda bei. Unaowabakiza wanakula nafasi ya wale ambao ungewaleta. St Helens walichagua kuwabakiza mashujaa, jambo la heshima, na wakajikuta 2025 uti wa mgongo wa timu ni Lomax, Walmsley na Mark Percival, wawili kati yao wakiwa wamefikisha miaka 35 mwaka huo. Upande wa pili kuna NRL, yenye fedha nyingi kuliko Super League, inayowanyakua wale wa miaka 22 hadi 28. Katikati panabaki pengo. Wigan chini ya Matt Peet, waliotwaa mataji ya 2023 na 2024, walijenga juu ya jozi ya Harry Smith na French. Hull KR, waliochukua vikombe vyote vitatu vya nyumbani mwaka 2025, walikuwa na Mikey Lewis aliyekulia pale pale. Kikomo ni kile kile kwa wote.

Kumtupia Wellens lawama zote ni uvivu. Alirithi timu bila Roby baada ya msimu mmoja, bila hafubeki wa kudumu, na majeruhi wa 2024 walikuwa wengi kiasi cha kumyima kikosi. Kosa tunalomhesabia ni moja: aliendelea na mfumo wa Woolf bila watu wa Woolf. Timu ilimaliza seti, ikapiga teke, ikafukuza, ikakaba, na ilipopata mpira mita 20 kutoka kwenye mstari wa wapinzani haikuwa na la kufanya. Aliondoka mwisho wa 2025.

Onyo kwa anayenunua kwa kutazama matokeo peke yake: msimu wa 2025 ulifunguliwa kwa ushindi wa 82-0 dhidi ya Salford. Usiuweke kwenye hesabu. Salford, kwa matatizo yao ya fedha, walichezesha kikosi cha vijana watupu siku ile. Hata ushindi wa 16-14 dhidi ya Leeds kwenye mchujo, kwa trai ya Shane Wright mwishoni kabisa, ulikuwa wa kusisimua kuliko ulivyokuwa wa kushawishi. Hull KR waliwaonyesha ukweli kwenye nusu fainali, 20-12.

Na kipimo kiwe cha haki. Bradford, mabingwa wa 1997, 2001, 2003 na 2005, walishuka daraja 2014 na kampuni yao ikafilisiwa Januari 2017. Wamesubiri hadi 2026 kurudi Super League. Leeds walibeba vikombe vitatu mwaka 2015, na mwaka uliofuata wakacheza mechi za kuepuka kushuka. Kuingia mchujo kila mwaka na kufungwa kwa pointi chache ni kuporomoka kwa kipimo cha St Helens wenyewe.

Ukitaka kujihakikishia kabla ya kulipia SuperLeague+ (huduma ya ligi ya kutazama mtandaoni) au king'amuzi chenye Sky Sports, tafuta fainali ya 2019 na mechi yoyote ya St Helens ya 2025 dhidi ya timu iliyomo kwenye nne bora. Tazama dakika 20 za mwanzo za kila moja ukiwa na kalamu. Andika mahali kila seti yao inapoishia: kabla ya katikati ya uwanja au baada yake. Kisha, wakiwa ndani ya mita 20 za wapinzani, hesabu mara ambazo mpokeaji wa pili anaupata mpira akiwa anakimbia mbele, na mara ambazo amesimama au anakwenda pembeni. Mwisho, angalia mkabo wa tano pale karibu na mstari: teke limepangwa, yaani kuna mtu alishaanza kulikimbilia kabla halijapigwa, au limepigwa kwa kukosa la kufanya? Kwenye mechi ya 2019 utaandika sana: baada ya katikati, anakimbia mbele, teke limepangwa. Ile nyingine itakuchosha.

Anayependa raga ya kubanana, ya mikabo mizito na mechi inayoamuliwa dakika ya 78, St Helens ya sasa inamfaa kabisa, na hatajuta. Anayetaka trai za kupendeza aende kwa Wigan. Kwa jumla tunatoa nyota tatu kati ya tano: nne kwa ulinzi, mbili kwa mashambulizi.

Kwa msimu wa 2026 klabu imemkabidhi timu Paul Rowley, kocha aliyeifikisha Salford nusu fainali ya 2022 na nafasi ya nne 2024 kwa bajeti ndogo, akicheza raga ya kupitisha mpira mapema na kwa upana. Ni uteuzi unaokiri tatizo liko wapi. Mechi za mwanzo angalia jambo moja: kama namba 6 na namba 7 ni watu wale wale kwa wiki sita mfululizo. Kama ni wale wale, lipia msimu mzima. Kama wanabadilishwa tena kila baada ya kipigo, subiri mchujo, ulipie hizo mechi chache.